Kuku wa tandoori nyumbani: Wekundu wake si ushahidi kwamba ameiva

WAKAZI wengi wa mijini wamemzoea kuku wa tandoori katika mikahawa. Huletwa mezani angali moto, mwekundu kwa viungo, kingo zake zimeungua kidogo, na kando yake pana vitunguu vibichi na kipande cha ndimu. Wengi huamini kwamba chakula hiki hakiwezi kupikwa nyumbani kwa kuwa hawana tanuri la udongo. Wengine hujaribu, wakaishia kutoa kuku aliyelowa maji na asiye na ladha. Wapo pia wanaotoa kuku aliyekolea rangi kwa nje ilhali nyama iliyo karibu na mfupa ingali mbichi.

Kosa hili la mwisho ndilo linaloufanya mlo huu ustahili kuzungumziwa katika kurasa za afya. Katika mapishi mengi sisi hutazama rangi. Samaki akigeuka kahawia tunajua yuko tayari, na mandazi vivyo hivyo. Lakini kuku wa tandoori huwa mwekundu hata kabla ya kutiwa motoni, kwa sababu rangi yake imetokana na pilipili na manjano wala si joto. Jicho ambalo limemfaa mpishi miaka yote humdanganya hapa.

Hata hivyo, mwenye oveni ya kawaida, ile iliyo chini ya jiko la gesi na stima, anaweza kupika tandoori tamu, yenye mafuta machache na isiyomletea mtu madhara. Kinachotakiwa ni kuelewa oveni yake inaweza nini na haiwezi nini.

Tanuri na oveni

Neno tandoor lina undugu na neno letu tanuri. Sisi tulilipata kupitia Kiarabu, na Wahindi wakalipata kupitia Kiajemi. Katika jimbo la Punjab, ambalo tangu 1947 limegawanywa kati ya India na Pakistan, tanuri la udongo limetumiwa kwa vizazi vingi kuokea mikate. Umaarufu wa kuku wa tandoori mkahawani unahusishwa zaidi na Kundan Lal Gujral, mpishi kutoka Peshawar aliyehamia Delhi baada ya mgawanyo huo na, pamoja na wenzake, akafungua mkahawa wa Moti Mahal katika mtaa wa Daryaganj. Hapa kwetu, mapishi ya Kipunjabi yana mizizi ya zamani, kwani wengi wa vibarua walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, walitoka Punjab.

Tanuri lenyewe ni mfano wa mtungi mkubwa wa udongo wenye makaa au kuni chini yake. Kuta zake hushika joto na kulirudisha kwa chakula kutoka kila upande, na joto hilo huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Kuku huchomekwa kwenye upau mrefu wa chuma na kuteremshwa ndani. Nje yake hukauka na kuungua kidogo kwa muda mfupi, kabla ya maji ya ndani kupotea. Mafuta na mtindi vinavyodondokea makaa hutoa moshi, na moshi huo ndio unaoipa nyama harufu yake.

Oveni ya nyumbani kwa kawaida hukomea nyuzi 250 hivi. Upungufu huo hauwezi kufidiwa kwa kumwacha kuku motoni muda mrefu, kwani atakauka kabla ya kupata ladha ya kuchomwa. Hufidiwa kwa kupunguza maji yaliyomo kwenye viungo, kwa kumkata kuku vipande badala ya kumwoka mzima, na kwa kumalizia na moto wa juu wa oveni, yaani grili. Mengine yote katika makala haya yanafuata kanuni hizo.

Kuku wa kuchagua

Kuku anayefaa ni mchanga, wa uzito wa kilo moja hadi kilo moja na robo. Kuku wa kisasa wa nyama anafaa zaidi kwa kazi hii. Kuku wa kienyeji aliyekomaa ana ladha nzuri, lakini misuli yake ni migumu na huhitaji kuchemshwa polepole. Joto kavu la oveni litamfanya awe kama mpira. Anayetaka kumtumia kuku wa kienyeji na atafute kijogoo ambaye bado hajakomaa.

Mwombe muuzaji amchune ngozi na kumkata vipande vinane. Kuchuna ngozi ni desturi ya mlo huu tangu hapo, kwa vile viungo haviwezi kupenya ngozi. Ni faida kwa mlaji pia. Gramu 100 za kidari kilichookwa bila ngozi huwa na takriban kalori 165 na gramu 3 na nusu za mafuta. Kidari hicho hicho kikiwa na ngozi hufika kalori 197 hivi na karibu gramu 8 za mafuta. Kwa mtu aliyeshauriwa na daktari kupunguza mafuta, tandoori ni afadhali kuliko kuku wa kukaangwa katika mafuta mengi.

Kama kuku amegandishwa, myeyushe ndani ya friji kwa muda wa siku nzima. Tabia ya kumwacha kwenye sinki tangu asubuhi hadi jioni si njema. Nje hupata joto na vijidudu huanza kuzaana, ilhali ndani kungali barafu. Isitoshe, kuku ambaye bado ana barafu kwenye mfupa hataiva sawasawa.

Je, aoshwe?

Hapa ndipo wapishi wengi watakapopinga. Katika nyumba nyingi, kupika kuku bila kumwosha huonekana uchafu. Lakini maji ya mfereji hayaui vijidudu. Huvirusha tu kwenye sinki, kwenye vyombo, na kwenye mboga zilizo karibu. Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha North Carolina State. Miongoni mwa watu walioosha kuku wao, asilimia 26 walipeleka bakteria kutoka kwa kuku huyo hadi kwenye saladi waliyokuwa wakiitayarisha.

Msomaji ataona mara moja kwa nini jambo hili linatuhusu. Kuku wa tandoori huliwa na kachumbari, na kachumbari haipikwi. Kijidudu kilichorukia nyanya hakitakutana na moto wowote kabla ya kufika tumboni. Hivyo basi, tayarisha kachumbari kwanza, uifunike na kuiweka kwenye friji, kisha ndipo umtoe kuku. Tumia ubao na kisu tofauti. Kama kuku ana manyoya au damu, mfute kwa karatasi ya jikoni na uitupe. Na ikiwa huwezi kabisa kuacha kumwosha, tumia maji yaliyotulia ndani ya beseni badala ya mfereji unaotiririka. Yamwage polepole, kisha usafishe sinki, beseni na mikono yako kwa sabuni.

Viungo

Vipimo vifuatavyo vinatosha kuku mmoja wa vipande vinane, kwa walaji wanne hadi sita.

Kwa hatua ya kwanza:
Chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai.
Maji ya ndimu au limau, vijiko viwili vikubwa.
Pilipili nyekundu ya unga, kijiko kimoja cha chai, au nusu yake kwa watoto.

Kwa hatua ya pili:
Mtindi usio na sukari, gramu 400.
Kitunguu saumu, punje sita zilizopondwa.
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole cha shahada, iliyopondwa.
Mbegu za dania zilizosagwa, vijiko viwili vya chai.
Bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai.
Garam masala, kijiko kimoja cha chai.
Manjano, nusu kijiko cha chai.
Paprika, au pilipili ya Kashmir ambayo ni nyekundu sana na si kali mno, kijiko kimoja kikubwa.
Mafuta ya kupikia, vijiko viwili vikubwa.

Soma maandishi yaliyo kwenye kopo la mtindi kabla ya kununua. Ule uliotiwa sukari, vanila au stroberi haufai, kwani sukari itaungua kabla ya kuku kuiva. Maziwa ya mala yanaweza kutumika, lakini ni mepesi na yanahitaji kuchujwa zaidi.

Kuchuja ni hatua ambayo wengi huiruka. Mimina mtindi kwenye kitambaa safi kilichotandazwa juu ya chujio, uweke bakuli chini, na uache ndani ya friji kwa saa tatu au nne. Utabaki na nusu yake hivi, mzito kama siagi laini. Mtindi mwepesi hutiririka kutoka kwa kuku, hujaa kwenye trei na kumchemsha badala ya kumwoka. Mtindi mzito humganda, hukauka na kupata zile alama nyeusi zipendwazo.

Sasa mpasue kila kipande mara mbili au tatu hadi karibu na mfupa. Mipasuko hii si mapambo. Viungo na asidi ya mtindi hupenya nyama kwa kina kidogo tu, milimita chache. Chumvi pekee ndiyo huingia zaidi. Mipasuko hufungulia viungo njia, na pia huliingiza joto katika sehemu nene.

Paka chumvi, ndimu na pilipili, uache kwenye friji kwa nusu saa. Kisha mwaga maji yaliyojitokeza, changanya viungo vya hatua ya pili, na umpake kuku kote, hadi ndani ya mipasuko. Usizidishe ndimu ukidhani utalainisha nyama zaidi, kwa maana asidi nyingi huifanya nyama ya juu kuwa kama unga. Vivyo hivyo, wapo wanaotumia papai bichi lililosagwa, ambalo lina kimeng'enya cha papaini kinachovunja misuli. Kijiko kimoja cha chai kwa saa moja au mbili kinatosha. Likikaa usiku kucha, kuku atakuwa uji.

Alale wapi?

Kuku aliyepakwa viungo akae ndani ya friji, kwenye bakuli lenye kifuniko, katika rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Saa sita hadi 12 zinatosha, na yasipite 24. Halijoto ya friji isizidi nyuzi 4 au 5.

Kuna imani kwamba ndimu, pilipili na kitunguu saumu huua vijidudu, na kwa hivyo kuku anaweza kulala juu ya meza. Imani hii ni ya hatari. Viungo hupunguza kasi ya baadhi ya vijidudu, lakini havimfanyi kuku kuwa salama. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linashauri kwamba chakula kinachoharibika upesi kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili.

Stima ikipotea usiku, usiufungue mlango wa friji. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Zikipita hizo na stima haijarudi, usibahatishe. Na asiye na friji asijinyime mlo huu. Na apake viungo kwa nusu saa hadi saa moja tu, wakati oveni ikipata joto, kisha aoke mara moja. Ladha haitakuwa na kina kile kile, lakini itakuwa nzuri ya kutosha.

Kuoka

Washa oveni nyuzi 240 au 250 na uipe dakika 20 hadi 30 ili ipate joto kamili. Tandaza karatasi ya foili kwenye trei, na juu yake uweke wavu wa chuma. Panga vipande juu ya wavu bila kugusana. Wavu hufanya kazi ya ule upau wa chuma wa tanurini, yaani joto lizunguke pande zote na maji yadondoke. Trei ikae katika theluthi ya juu ya oveni.

Kidari huhitaji dakika 20 hadi 25. Mapaja na miguu huhitaji 30 hadi 35. Vigeuze katikati ya muda. Ni vyema kutia mapaja na miguu kwanza, na kuongeza kidari dakika kumi baadaye, ili vyote vimalizike pamoja bila kidari kukauka. Dakika tano za mwisho vipake mafuta kidogo na uwashe grili, ukisimama papo hapo, kwa kuwa kati ya kuungua kidogo na kuteketea ni dakika moja tu.

Brashi uliyopakia viungo vya kuku mbichi usiitumie kupaka mafuta haya ya mwisho. Vilevile, viungo vilivyobaki bakulini vimeshagusa kuku mbichi na si mchuzi. Vimwage, au uvichemshe hadi vitokote kabisa.

Utajuaje ameiva?

Hapa ndipo pana roho ya jambo hili. Kuku mbichi aghalabu hubeba bakteria za Campylobacter na Salmonella. Hazibadilishi harufu wala sura ya nyama, na kuku wa bei ghali hana kinga. Dawa yake ni joto. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri chakula kifike angalau nyuzi 70 hadi ndani kabisa, na wataalamu wa Marekani huweka kiwango cha kuku kuwa nyuzi 74.

Wengi wetu hupima kwa rangi ya nyama na maji yanayotoka, kwamba yakiwa meupe kuku yuko tayari. Kwa kuku wa tandoori kipimo hiki huvurugika mara mbili. Kwanza, manjano na paprika hutia rangi maji hayo. Pili, hata kwa kuku asiye na viungo, rangi si shahidi wa kuaminika. Utafiti uliohusisha nchi tano za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba nyama ya kuku hubadilika rangi mapema, kabla joto halijatosha kuviua vijidudu vyote. Kinyume chake pia hutokea. Kuku mchanga huweza kubaki na wekundu kando ya mfupa hata baada ya kuiva, kwa sababu ya damu iliyomo ndani ya mifupa yake michanga.

Kipimo cha kweli ni kipimajoto cha nyama, chenye ncha ya chuma. Kichomeke katika sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa huweza kukupa kipimo kisicho cha nyama yenyewe. Kikifika nyuzi 74, mtoe. Pima zaidi ya kipande kimoja, ukianza na kile kikubwa. Kipimajoto cha homa hakifai kazi hii, kwani hukomea karibu na nyuzi 42.

Asiye na kipimajoto na afanye hivi. Achukue kipande kinene kuliko vyote, akipasue hadi mfupani, na kutazama umbile la nyama badala ya rangi. Nyama iliyoiva hutengana kwa nyuzinyuzi, haitelezi wala kung'aa kama kioo, huachana na mfupa kwa urahisi, na hufuka mvuke kutoka ndani. Akiona shaka yoyote, arudishe trei kwa dakika tano hadi kumi zaidi katika nyuzi 200. Mtindi utailinda nyama isikauke sana. Kuku aliyekauka kidogo hana madhara kwa yeyote, lakini kuku mbichi anaweza kuwalaza wanyumba wote.

Dalili za Salmonella, yaani kuhara, homa na maumivu ya tumbo, huanza kati ya saa sita na 72 baada ya kula. Zile za Campylobacter kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tano. Ndiyo maana watu wengi humlaumu mwuzaji wa chakula cha jana, kumbe kisa kilianzia jikoni mwao siku tatu kabla. Yafaa ikumbukwe pia kuwa bakteria wa homa ya matumbo, ingawa ni wa jamii ya Salmonella, hukaa kwa binadamu pekee. Wale wa kuku ni aina nyingine. Lakini hao nao si wa kudharauliwa. Barani Afrika huweza kuingia katika damu na kuleta ugonjwa mkali, hasa kwa watoto wadogo, wenye utapiamlo au malaria, na watu walio na virusi vya Ukimwi.

Mtu anayehara anywe maji kwa wingi yaliyochanganywa na dawa ya ORS. Akiona damu katika choo, akiwa na homa kali, au akishindwa kushikilia maji tumboni, apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Watoto, wazee na wajawazito wasisubiri dalili hizo zizidi. Kununua dawa za kuua bakteria bila kupimwa si suluhisho.

Rangi ya dukani

Mpishi akiona kuku wake si mwekundu kama wa mkahawani, hushawishika kuongeza rangi ya unga. Hana haja. Wekundu ule mkali mara nyingi hutokana na rangi za viwandani, na hauongezi ladha hata chembe. Nchini India kwenyewe, jimbo la Karnataka lilipiga marufuku rangi za viwandani katika kababu za kuku na samaki mnamo Juni 2024, baada ya vipimo kuonyesha kwamba sampuli zilizochunguzwa hazikufikia viwango vya usalama. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2010, vyakula vyenye rangi sita fulani za viwandani sharti viwe na onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na usikivu wa watoto.

Paprika na manjano vitampa kuku rangi ya machungwa iliyoiva vizuri. Hiyo ndiyo rangi halisi ya tandoori ya nyumbani, na hakuna sababu ya kuionea haya.

Moshi na makaa

Oveni haiwezi kutoa moshi, lakini Wahindi wana mbinu ya kuuongeza. Panga kuku aliyekwisha kuiva ndani ya sufuria, uweke bakuli dogo la chuma katikati, na ndani yake kipande kimoja cha kaa lililowaka hadi kuwa jekundu. Dondosha nusu kijiko cha samli juu ya kaa na ufunike mara moja. Dakika tatu zinatosha.

Kaa hilo liwashwe nje. Usiingize jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana makaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi humu nchini wakiwa usingizini. Fungua madirisha, na ukimaliza ulizime kaa kwa maji.

Kuhusu zile sehemu zilizoungua, kiasi kidogo kwenye kingo ndicho kinacholeta ladha. Lakini nyama ikichomwa hadi kuwa nyeusi hutengeneza kemikali ambazo watafiti wanazihusisha na saratani katika majaribio ya wanyama. Kilichogeuka mkaa kikwanguliwe na kutupwa.

Mezani

Mwache kuku atulie dakika tano ili maji yake yarudi ndani ya nyama. Mweke kwenye sahani safi, siyo ile iliyombeba akiwa mbichi. Mkamulie ndimu, umwandalie kachumbari na chapati au wali. Chumvi iliyotumika ni kama gramu tisa kwa kuku mzima, na sehemu yake humwagika pamoja na yale maji ya hatua ya kwanza, kwa hivyo mlaji mmoja hawezi kukaribia kikomo cha gramu tano kwa siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, mradi asiongeze mezani.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili na kiliwe kwa siku tatu au nne. Kabla ya kukila kipashwe moto hadi kifuke mvuke ndani. Hapo pia usiulize rangi yake, kwa sababu kitakuwa chekundu vile vile kikiwa baridi na kikiwa moto. Chomeka kipimajoto, au ukipasue uone.